Silabi Moja, Noti Moja: Zaburi ya 67 na Tuni ya Thomas Tallis

Kama hukuwahi kusikia somo hili katika redio, usihuzunike. Maneno yote yaliyosemwa yamepigwa chapa hapa, nawe unaweza kuyasoma polepole, ukarudia panapokuwa pagumu. Weka kalamu na karatasi karibu, maana tutahesabu kidogo.

Leo tunasoma habari za wimbo mmoja wa Kanisa la Uingereza, lile ambalo kwetu huitwa Anglikana. Wimbo wenyewe ni mfupi sana: ubeti mmoja utaumaliza kabla hujakwisha kufunga kamba za viatu vyako. Lakini ulitungwa katika siku ambazo watu waliweza kufungwa, na hata kuchomwa moto, kwa sababu ya jinsi walivyosali na kwa lugha waliyosali nayo. Wala hupaswi kuwa mtu wa kanisa hilo ili kulifuata somo hili. Jambo tunalotaka kulijua ni hili: mtunzi alifanyaje hata maneno ya wimbo yasikike na kueleweka na mtu asiyejua kusoma?

Kwanza tujikumbushe silabi. Wewe uliyeanza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu unazijua vizuri. Neno "baba" lina silabi mbili, "barua" lina tatu, na "tushukuru" lina nne. Sasa ongeza neno jingine, noti. Hapa si noti ya fedha. Noti katika muziki ni alama ya sauti moja iliyoandikwa. Mwimbaji akiiona hujua apandishe au ashushe sauti, na akae nayo kwa muda gani. Silabi ni kipande cha neno, noti ni kipande cha tuni. Habari yetu yote imo katika jinsi vipande hivi viwili vinavyoungana.

Hapo zamani, katika makanisa makubwa ya Uingereza, sala ziliimbwa kwa Kilatini. Mkulima aliyesimama nyuma ya kanisa hakukijua Kilatini, na hata mwenye kukijua alipata taabu, maana waimbaji waliweza kuchukua silabi moja na kuivuta juu ya noti kumi, ishirini, au zaidi. Sauti moja ilikuwa bado inapanda na neno la kwanza, nyingine imekwisha fika neno la tatu. Muziki huo ulikuwa mzuri ajabu, nami sitaki mtu audharau. Lakini maneno yalizama ndani yake kama chumvi ndani ya mchuzi: ladha unaipata, chumvi yenyewe huioni.

Mfalme Henry wa Nane, aliyetawala tangu 1509 mpaka 1547, aliliondoa Kanisa la Uingereza katika mamlaka ya Papa wa Roma. Mwaka 1544 Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, alitengeneza sala ya litania kwa Kiingereza, akamwandikia mfalme barua juu ya namna ya kuiimba. Maoni yake yalikuwa kwamba wimbo usijazwe noti nyingi, bali kwa kadiri iwezekanavyo kila silabi ipate noti moja, ili watu waimbe kwa kusikia vema na kwa moyo wa ibada. Kisha mwaka 1549, katika enzi ya mwana wa Henry, Mfalme Edward wa Sita, kikatoka Kitabu cha Sala kwa Kiingereza. Zaburi zote 150 ziligawanywa humo katika siku 30, asubuhi na jioni, hata kila mwezi watu wazisikie zote kwa lugha yao. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1552, Zaburi ya 67 ikapewa nafasi ya pekee: iliruhusiwa kuimbwa katika sala ya kila jioni. Ni zaburi fupi. Humwomba Mungu awarehemu watu na kuwaangazia uso wake, mataifa yote yamsifu, nayo nchi itoe mazao yake.

Sasa tuje kwa mtunzi. Jina lake Thomas Tallis, na alizaliwa karibu mwaka 1505. Mwanzo alipiga kinanda katika nyumba ndogo ya watawa huko Dover, mji wa pwani. Baadaye akafanya kazi katika nyumba kubwa ya watawa ya Waltham. Mwaka 1540 serikali ya mfalme iliifunga nyumba hiyo, ya mwisho kabisa kufungwa kati ya nyumba za namna ile katika Uingereza. Tallis aliondoka na shilingi 20 za mshahara wake na shilingi 20 za bakshishi. Aliondoka pia na kitabu kimoja cha zamani cha mafundisho ya muziki, kilichonakiliwa kwa mkono, na ndani yake akatia sahihi yake kwa wino. Kitabu hicho kipo hata leo katika Maktaba ya Uingereza, London. Wewe unayejifunza kuandika jina lako utaelewa: nyumba ilibomolewa, waliokaa ndani yake wakatawanyika, bali jina kwenye karatasi limebaki.

Karibu mwaka 1543 Tallis aliingia katika kwaya ya kanisa la wafalme, akadumu humo mpaka alipofariki mwaka 1585. Fikiri maana yake. Alimwimbia Henry, aliyeachana na Roma lakini akabaki na Kilatini kwa sehemu kubwa ya ibada. Alimwimbia Edward, aliyetaka Kiingereza tupu. Kisha akaja Malkia Mary, tangu 1553 mpaka 1558, akarudisha utii kwa Papa na sala za Kilatini. Katika enzi yake watu wapatao 280 walichomwa moto kwa ajili ya imani yao, na mmoja wao alikuwa yule yule Cranmer, mwaka 1556. Halafu akaja Malkia Elizabeth wa Kwanza, na Kiingereza kikarudi. Tawala nne, na kila mara muziki wa kanisa ulibadilika, wakati mwingine ndani ya mwaka mmoja. Tallis alitunga kwa kila bwana aliyekuja, na alitunga vizuri. Wako wanaomwona mtu kigeugeu. Mimi namwona fundi aliyekuwa na kazi ya kufanya na shingo ya kuilinda.

Mtu wa pili katika habari hii ni Matthew Parker, aliyezaliwa 1504. Alikuwa padre na mwalimu wa chuo huko Cambridge, mpenda vitabu kupita kiasi. Mwaka 1547 alioa mke, Margaret. Malkia Mary alipotawala, mapadre wenye wake walifukuzwa kazini. Parker akapoteza vyeo vyake vyote, akaishi kwa kujificha. Katika kuwakimbia waliomtafuta alianguka kutoka juu ya farasi, akaumia vibaya. Katika maficho hayo ndipo alipozigeuza Zaburi zote 150 kuwa mashairi ya Kiingereza, na mwaka 1557 akaimaliza kazi hiyo. Miaka miwili baadaye mambo yakageuka: Elizabeth alikuwa malkia, na mtu aliyekuwa akijificha akafanywa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Mashairi yale yalihitaji tuni. Parker akamwendea fundi mkubwa wa siku zile, naye Tallis akamtungia tuni tisa. Kitabu kilipigwa chapa London na John Day, mwaka 1567 hivi.

Hapa sisi Waswahili tunaweza kuingia nyumbani mwa Parker bila ya kubisha hodi, maana sheria zake tunazifahamu. Katika Zaburi yake ya 67 kila mstari una mizani 8, nao umegawanyika mara mbili, 4 na 4. Tena nusu ya kwanza na nusu ya pili zina kina kimoja. Sitayaandika maneno yake ya Kiingereza. Nitakutungia mfano, si tafsiri, ili uone umbo tu:

Bwana mwema, leta mema,
Tupe nuru, tushukuru.

Hesabu kwa vidole. Bwa-na-mwe-ma, nne. Le-ta-me-ma, nne. Jumla 8. Kina cha nusu ya kwanza ni -ma, na cha nusu ya pili ni -ma. Mstari wa pili vivyo hivyo, na kina chake ni -ru. Mtu asiyejua hata herufi moja akisikia mistari ya namna hii mara mbili, mara ya tatu ataisema mwenyewe. Vina humshika mkono asipotee njia.

Na juu ya silabi hizo 8 Tallis aliweka noti 8. Hakuna silabi inayovutwa, hakuna inayorukwa. Tuni haipandi juu sana wala haishuki chini sana. Mzee mwenye sauti iliyochoka huiweza, na mtoto huiweza. Ukiisikia mara ya kwanza huenda ukasema, "Hiki ni kitu rahisi, hata mimi ningekitunga." Basi ujue kwamba karibu mwaka 1570 mtu huyu huyu alitunga wimbo wa Kilatini wa sauti 40, yaani kwaya 8, kila moja ina sauti 5, na kila sauti ina njia yake. Aliyeweza kuongoza njia 40 pamoja hakutunga tuni nyepesi kwa kukosa ujuzi. Mshonaji hodari akishona kanzu isiyo na nakshi, tazama mishono.

Tuitazame mishono yenyewe. Wimbo una sauti nne, kama kwaya zetu zilivyo: sauti ya kwanza iliyo juu, ya pili, ya tatu iitwayo tena, na ya nne, besi. Katika vitabu vya nyimbo vya siku hizi, sauti ya kwanza huanza na tuni. Ikisha kuimba noti nne, sauti ya tatu nayo huanza tuni ile ile, chini yake. Tangu hapo mpaka mwisho moja iko mbele na nyingine iko nyuma kwa noti nne, nazo hazigongani. Umewaona watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mchi huu ukipanda, ule unashuka. Kila mmoja anafanya kazi ile ile, lakini hawafanyi kwa wakati mmoja, na wakikosea hata kidogo michi itagongana. Muziki wa kufuatana hivi kwa Kiingereza huitwa kanoni, na tuni hii inajulikana duniani kwa jina la Kanoni ya Tallis.

Lakini angalia ujanja wake, maana hapa ndipo wengi hupita bila ya kuona. Tuni hufuatana, bali maneno hayafuatani. Sauti zote nne hutamka silabi moja kwa wakati mmoja. Wa juu akisema "Bwa", wa chini naye anasema "Bwa". Ukimbizano wote umo katika noti. Kwa hiyo msikilizaji anayetaka maneno anayapata wazi kabisa, kama yanasomwa, na mwenye sikio la muziki anapata kitu cha kumfurahisha chini ya maneno. Mwaka 1559 Malkia Elizabeth alikuwa ametoa amri juu ya muziki wa kanisa: uimbaji uwe wa kiasi na wazi, ueleweke kama vile maneno yanasomwa bila ya kuimbwa. Tallis aliitii amri hiyo, na hakuutupa ufundi wake.

Katika kitabu chenyewe mliwekwa maelezo yanayonipendeza sana. Yalisema kwamba sauti ya tena ni ya watu wote, wanapotaka kuimba peke yao. Sauti nyingine ni kwa kwaya kubwa zaidi, au kwa wale watakaoimba au kupiga ala faraghani. Kwa hiyo kitabu hakikuwaachia waimbaji wa kulipwa peke yao. Watu sita katika chumba, bila kinanda, waliweza kushika njia moja ya tena, na zaburi ikaimbwa kweli kweli.

Parker alieleza pia kwa mashairi tabia ya kila tuni, kwamba hii ni ya upole, hii ya huzuni, hii ya furaha. Ya tatu aliiita yenye ghadhabu, nayo imewekewa Zaburi ya 2, inayosema habari za wafalme wa dunia wanaofanya shauri la kuasi. Ya nane, hii yetu, aliiita ya upole.

Je, watu walikipokea kitabu? Hawakukipokea. Miaka michache kabla yake, mwaka 1562, John Day yule yule alikuwa amepiga chapa kitabu kingine cha Zaburi za mashairi, kilichoanzishwa na Thomas Sternhold na kuendelezwa na John Hopkins pamoja na wengine. Hicho ndicho kilichoingia katika kila kanisa na nyumba nyingi, kikadumu zaidi ya miaka 100. Cha Parker hakikuenea. Mtu alikuwa Askofu Mkuu, mpiga chapa wake alikuwa hodari, mtunzi wake alikuwa wa kwanza katika nchi, na bado watu walikwisha zoea kitabu kingine. Mashairi aliyoyatunga mafichoni leo husomwa na wataalamu tu.

Tuni ndiyo iliyotoroka. Mwaka 1621 Thomas Ravenscroft aliitia katika kitabu chake baada ya kuifupisha, maana Tallis alikuwa amerudia kila kifungu mara mbili. Mwishoni mwa karne ya 17 Askofu Thomas Ken alitoa wimbo wa jioni alioutunga kwa ajili ya wanafunzi wa shule ya Winchester. Mistari yake ina mizani 8. Unaona kilichotokea: maneno ya mizani 8 na tuni ya noti 8 hukutana bila ya kuitiwa mshenga. Katika karne ya 18 viliunganishwa, na tangu hapo watu wengi waiimbao tuni hii wakati wa jua kuchwa hawajui kwamba kwanza ilikuwa ya Zaburi ya 67.

Tuni ya tatu, ile ya ghadhabu, ililala muda mrefu zaidi. Mtunzi wa Kiingereza Ralph Vaughan Williams aliiona alipokuwa akitengeneza kitabu cha nyimbo kilichotoka mwaka 1906. Haikumtoka kichwani. Mwaka 1910, katika kanisa kuu la Gloucester, aliongoza muziki wake mpya wa ala za nyuzi uliojengwa juu ya tuni hiyo. Muziki huo hauna neno hata moja, nao ndio unaowafanya watu wengi leo walijue jina la Tallis. Kwa mtu aliyetunga ili maneno yasikike, hilo ni jambo la kuchekesha kidogo.

Kabla hatujaimba, neno moja juu ya Kiswahili. Mistari ya Parker huanza na silabi nyepesi, kisha nzito, kisha nyepesi, kisha nzito, na tuni inakwenda hivyo hivyo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, MWE-ma, NU-ru. Ukiweka maneno yetu juu ya tuni ya Tallis, uzito wa tuni utaangukia "na" badala ya "Bwa", na "ma" badala ya "mwe". Mizani ni sawa, 8 kwa 8, na bado neno linalegalega kama mguu ndani ya kiatu cha mtu mwingine. Wewe uliyeimba nyimbo za makanisa zilizotafsiriwa umekwisha lisikia jambo hili mara nyingi, ingawa pengine hukujua sababu yake. Kutafsiri wimbo ni kupima vitu viwili: idadi ya silabi, na mahali pa mkazo. Watafsiri wengi hupima cha kwanza tu.

Sasa simameni, mjigawe vikundi viwili. Hamna haja ya kuijua tuni. Mtasema maneno tu, kwa mapigo ya kufanana, mkipiga kofi kwa kila silabi. Kwanza semeni nyote pamoja mistari yetu miwili, mara tatu. Kisha kikundi cha kwanza kianze peke yake. Kinapofika "leta", kikundi cha pili kianze "Bwana". Sikilizeni. Mara ya kwanza wengine watasema "leta mema" na wengine "Bwana mwema", na vina vitakutana vizuri. Lakini mbele kidogo "tupe nuru" itakutana na "leta mema", na hapo mtu aliyesimama nje ya dirisha hatasikia neno hata moja. Mtumeni mmoja wenu atoke nje, asikilize. Kisha rudieni wote pamoja, na mwulizeni alisikia nini mara ya kwanza, na nini mara ya pili.